Reli ya Mezani kwa Treni za Kale za Kuchezea: Mwongozo Kamili kutoka Moshi

Babu yangu alikuwa mtu wa gangi ya reli pale Kahe, na kazi yake kubwa ilikuwa kutembea. Alfajiri anachukua nyundo ya mpini mrefu, anafuata njia kwa miguu, anagonga hapa, anasikiliza pale, anakaza boliti iliyolegea, anasonga mbele. Hakuwahi kuendesha treni hata siku moja, lakini hakuna dereva aliyepita Kahe bila kumtegemea.

Nilipopata treni yangu ya kwanza ya kuchezea, seti ya Tri-ang, kampuni ya Uingereza, iliyouzwa na familia iliyokuwa ikihama mtaa wa Shanty Town, nilisahau yote hayo. Nilikiangalia kichwa cha treni tu. Kilikuwa kikizima kwenye kona, kinaruka reli, kinanguruma bila kusogea, nami nikawa nakifungua na kukifunga kwa miezi mitatu. Siku nilipoacha kukigusa nikashika njia, tatizo kubwa likaisha ndani ya Jumamosi moja. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye meza, reli na nyaya, na milima na miti nitaipitia haraka. Anayetaka kuanza na milima atafurahi wiki moja, halafu atalazimika kuibomoa.

Kwanza ujue ulichonacho

Kabla hujanunua hata ubao mmoja, weka treni mezani, chukua rula, pima nafasi kati ya reli na reli kwa upande wa ndani. Ukipata milimita 16.5, una treni ya daraja la OO au HO. Ukipata milimita 32, ni daraja la O, yale matreni makubwa ya bati ya zamani. Vipimo hivi viwili vinabeba sehemu kubwa ya treni za kale utakazokutana nazo huku kwetu, ziwe zimetoka kwenye nyumba za wageni wanaohama, zimeachwa kwenye stoo ya misheni, au zimo kwenye marobota ya vitu vya watoto pale soko la Memorial.

Kisha hesabu reli. Reli mbili maana yake karibu kila mara ni umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, wa volti 12, kama Tri-ang. Reli tatu zinahitaji uangalifu zaidi. Hornby Dublo, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1938, ilikuwa na reli tatu lakini inatumia DC ya volti 12. Mwaka 1959 ndipo zikatoka za reli mbili. Lionel ya Marekani ina reli tatu pia, ila inatumia AC, yaani umeme unaogeukageuka kama ule wa ukutani. Märklin ya Ujerumani nayo ni AC, na nyingi za kuanzia miaka ya 1950 hazina reli ya kati inayoonekana, bali vijichuma vidogo vilivyojipanga katikati ya mataruma. Na kama kuna tundu la ufunguo ubavuni mwa kichwa, hiyo ni ya kujaza kama saa ya mezani. Haihitaji umeme wowote.

Usichanganye hizi familia. Kuna kipimo kimoja cha kukuokoa: chukua mita ya fundi redio, iweke kwenye mlio wa kupima waya, gusa gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja ya behewa. Ikilia, ekseli hiyo inapitisha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye njia ya reli tatu haina shida. Kwenye njia ya reli mbili itapiga shoti papo hapo.

Angalia pia afya ya chuma. Sehemu za kumimina za zinki, hasa za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, huwa zinaoza kwa ndani kwa sababu ya uchafu wa risasi uliochanganyika kiwandani. Utaona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, au gurudumu limevimba. Ugonjwa huo hauna dawa, lakini hauambukizi treni nyingine. Iweke kabatini, usiiendeshe. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo mtoto anayeweka kila kitu mdomoni asipewe, na wewe nawa mikono ukimaliza kazi.

Ombi langu moja: usipake rangi upya. Mikwaruzo ya treni yenye miaka sitini ndiyo historia yake, na ukishaifuta hairudi.

Meza

Kipimo rahisi ni plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Kona ya kawaida ya Tri-ang au Hornby ina nusu kipenyo cha milimita 371, inayofuata kwa nje ni 438, kwa hiyo njia mbili sambamba zinazunguka vizuri na nafasi inabaki. Duara la kawaida la Lionel lina upana wa inchi 31, kama sentimita 79, nalo linaingia.

Ila kumbuka mkono wako. Mtu mzima anafikia kama sentimita 75 bila kulalia meza. Meza ya upana wa 122 lazima uweze kuizunguka pande zote mbili. Kama chumba ni kidogo na meza itakaa ukutani, ikate upana ubaki 75, kisha uitengeneze iwe ndefu.

Meza yangu ya kwanza niliitengeneza kwa silingibodi, kwa sababu ilikuwa nyepesi na nilikuwa nayo. Masika yalipoingia ikanyonya unyevu, ikabonyea kati ya mbao kwa kina cha kidole. Treni ikawa inashuka kwa kasi, halafu inashindwa kupanda. Tumia plaiwudi ya milimita 12. Chini yake weka fremu ya mbao za paina mbili kwa mbili, na mbao za kukatiza kila sentimita 40. Paina ikitoka tu kiwandani mara nyingi ni mbichi, kwa hiyo ilaze ndani ya nyumba wiki mbili, juu ya vijiti ili hewa ipite, ndipo ukate. Unga kwa gundi ya mbao na skrubu, si misumari. Msumari hulegea kila treni inapotikisa.

Paka dawa ya mchwa miguu yote na fremu kabla ya kusimamisha meza, na iache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Arusha na Moshi mchwa hawana msimu. Kimo cha sentimita 90 kinamfaa mtu mzima akiwa amesimama; kama ni kwa ajili ya watoto, 70 inatosha. Mwisho weka pimamaji kwa urefu na kwa upana. Usiendelee mpaka kitone cha hewa kikae katikati, hata kama itabidi uweke vipande vya kadibodi chini ya miguu.

Kuchora njia

Mimi nilichora njia yangu kwa kufuata reli ninayoijua. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Arusha ilisubiri hadi 1929, wakati wa Waingereza. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliileta reli kutoka Voi kupitia Taveta ikaungana na hii pale Kahe. Hivyo mezani kwangu kuna mzunguko mkubwa ambao ndio safari, stesheni ya Moshi yenye njia mbili ili treni zipishane, mchepuko mmoja wa ghala la kahawa, na poiti (kipande cha reli kinachogawa njia) moja ya Kahe inayotoa tawi fupi linaloishia ukingoni mwa meza. Poiti nne tu. Kwa meza ya kwanza zinatosha, kwa sababu kila poiti ni mahali pengine pa treni kuzima.

Panga vipande vya reli juu ya plaiwudi bila kufunga chochote, viache hivyo siku kadhaa, sukuma behewa kwa kidole. Kona ya kushoto isifuatwe moja kwa moja na kona ya kulia. Katikati weka kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote, la sivyo mabehewa yatavutana na kuangushana. Poiti zikae mahali mkono unapofika, kamwe zisikae ndani ya handaki.

Wengi wanataka daraja la njia kupita juu ya njia. Fanya hesabu kwanza. Treni ya OO inahitaji kama sentimita 8 za kupita chini. Mpando ambao kichwa cha kale kinauweza bila kuteleza ni sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, na hata ukichukua 3 unahitaji zaidi ya mita mbili na nusu za kupanda, na nyingine kama hizo za kushuka. Kwenye meza ya mita 2.44 hilo litakula kila kitu. Ukitaka daraja, chimba korongo: kata plaiwudi, shusha ardhi, njia ibaki tambarare. Hivyo ndivyo mito ya huku ilivyo hata hivyo, imezama kwenye mabonde.

Kwa reli mbili kuna mtego mmoja zaidi. Njia inayojizungusha na kurudi ilikotoka inaikutanisha reli ya kushoto na ya kulia, na hapo ni shoti. Njia ya reli tatu haina tatizo hilo, kwa sababu reli zake mbili za nje ni kitu kimoja.

Kulaza reli

Hapa ndipo ninapokuomba uende taratibu kama gangi.

Safisha kila kipande kabla hakijafungwa. Spiriti ya duka la dawa kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi inaondoa mafuta na weusi. Alama sugu zifute kwa raba ngumu ya shule. Usitumie msasa kwenye reli za bati, maana utaondoa mpako wa juu na kutu itaingia ndani ya wiki. Na usitumie steeliwaya ya kusugulia sufuria. Mimi niliitumia. Nyuzi zake ndogo zilibaki relini, zikavutwa na sumaku ya mota, zikaingia ndani na kuunguza koili. Kichwa hicho hakikutembea tena.

Chini ya reli weka tabaka laini la kupunguza kelele. Fundi viatu anauza karatasi za raba ya soli za milimita 3, zinakatika kwa wembe na zinafaa sana. Kisha unga kipande na kipande. Baada ya kila kiungo, funga macho, pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya reli, halafu ubavuni kwa ndani. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Kama kiungio kimelegea, kiminye kidogo kwa koleo hadi kiingie kwa ubishi. Acha nafasi ya unene wa karatasi mbili kwenye kiungo kimoja kila baada ya mita moja, kwa ajili ya joto la Januari na unyevu wa Aprili.

Funga kwa skrubu ndogo kwenye matundu yaliyopo. Kaza hadi kichwa cha skrubu kiguse, halafu rudisha robo mzunguko. Ukikaza zaidi unaibana reli na upana wake unabadilika.

Umeme

Transfoma ya zamani iliyokuja na treni usiichomeke ukutani. Mipira ya nyaya zake imeshakuwa mikavu, ukiikunja inapukutika, na ndani yake kuna volti 230. Zile za Marekani ni za volti 110 na kitu, kwenye soketi zetu zitaungua mara moja. Iweke kama pambo. Kwa Märklin na Lionel, mwone fundi umeme akupatie transfoma mpya ya AC, isiyozidi volti 16 kwa Märklin na 18 kwa Lionel. Na usijaribu kabisa kuviendesha vichwa vya DC kwa umeme huo, maana mota itanguruma na kuungua.

Kwa treni za DC, tunatengeneza wenyewe. Nunua adapta ya volti 12 yenye ampea 2, na kile kidhibiti mwendo cha mota za DC chenye kitasa cha kuzungusha kama cha sauti ya redio. Vinapatikana kwenye maduka ya spea za redio na sola. Mpangilio ni huu: adapta, fyuzi ya ampea 2, kidhibiti, taa, swichi ya kugeuza, reli.

Taa hiyo ni ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, na inaungwa kwenye waya mmoja tu, umeme upite ndani yake kwanza. Treni ikitembea salama taa inabaki giza au inawaka kidogo sana. Behewa likiruka na kupiga shoti, taa inawaka yote na kuubeba umeme wenyewe, hakuna kinachoungua. Ni kinga ya bei ndogo kuliko zote ninazozijua. Ukitumia betri ya pikipiki au ya sola badala ya adapta, fyuzi ni lazima. Betri ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya.

Swichi ya kugeuza ni ya miguu sita, bora yenye kituo cha kuzima katikati. Miguu miwili ya katikati iende relini. Miguu miwili ya juu ipokee chanya na hasi. Halafu vusha nyaya mbili fupi: juu kushoto kwenda chini kulia, juu kulia kwenda chini kushoto. Ukisukuma swichi, treni inageuza mwelekeo.

Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme meza nzima. Chini ya meza tandaza nyaya mbili za milimita 1.5, zile za taa za nyumbani, rangi mbili tofauti, zifuate njia yote. Kila mita moja toboa tundu, pandisha waya mwembamba, ulehemu ubavuni mwa reli kwa nje. Kujua kama umefanikiwa, shika taa nyingine ya indiketa, iguse kwenye reli karibu na swichi, kisha iguse upande wa mbali wa meza. Mwanga usipofanana, kuna mahali panapovuja nguvu. Kifuate kiungo kimoja kimoja.

Kuamsha kichwa kilicholala

Njia ikiwa tayari, sasa fungua kichwa. Nitaeleza cha Tri-ang kwa kuwa ndicho nilichofungua mara nyingi.

Tandaza taulo jeupe mezani ili skrubu zisipotee. Toa skrubu ya bodi, inua bodi, piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Utaona kaboni mbili ndogo zimebanwa na springi ya waya kila upande wa komuteta, ile sehemu ya shaba inayozunguka na mota na kupokea umeme. Mkono mmoja wa springi umevishwa kijibomba chembamba cha kuzuia umeme. Kijibomba hicho usikipoteze, kikikosekana mota inapiga shoti. Toa kaboni, futa komuteta kwa kijiti chenye pamba na spiriti huku ukiizungusha kwa kidole, hadi weusi uishe na shaba ionekane na wekundu wake. Ina vipande vitatu vyenye nyufa tatu; zisafishe kwa kijiti cha meno, maana vumbi la kaboni likijaa humo umeme unapita pasipotakiwa.

Sumaku usiitoe. Sumaku za zama zile hupoteza nguvu zikitenganishwa na vyuma vyake.

Kwa kulainisha, mafuta ya cherehani yanatosha. Chovya ncha ya sindano ya kushonea, gusa kila mwisho wa ekseli ya mota, basi. Tone likifika kwenye komuteta, rudia usafi wote. Futa magurudumu, rudisha kila kitu, endesha polepole bila mabehewa, dakika kumi mbele na kumi nyuma.

Mandhari

Kama reli zako ni za bati za zamani, usizimwagie kokoto na gundi. Acha zionekane zilivyo. Kwa reli nyingine, chekecha mchanga wa mtoni, uoshe, uanike. Na hapa sikiliza vizuri wewe wa Arusha na Moshi: mchanga wetu mweusi wa volkano una chembe za madini yanayovutwa na sumaku. Funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe kwenye mchanga mara nyingi, utaona ndevu nyeusi zinaota. Hizo ndizo zingeingia kwenye mota. Mchanga ukishakuwa safi, upange kwa brashi, unyunyizie maji yenye sabuni kidogo, kisha dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kwa bomba la sindano.

Vilima vinatengenezwa kwa waya wa kuku, magazeti na gundi nyeupe, juu yake jipsamu. Usitumie uji wa ngano, mende na panya wataula. Kamba ya katani ikikatwa milimita 5 inakuwa nyasi za kiangazi, na ni haki yake kuwepo, kwa sababu reli ya Tanga imebeba mkonge miaka mingi. Dodoki lililopakwa rangi ni mti mzuri kuliko wa dukani.

Nyumba zitengeneze kwa kadibodi. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Ukigawanya kwa milimita 16.5 unapata kama 1:60, kwa hiyo majengo ya kipimo hicho yataendana na njia. Kipimo cha HO cha 1:87 kinatoa upana wa milimita 1,435, ambao ni wa SGR. Mlima usijaribu kuujenga: kwa 1:87 Kilimanjaro ya mita 5,895 ingekuwa na kimo cha karibu mita 68. Uchore ukutani, Kibo katikati na Mawenzi kulia, kama unavyoonekana ukisimama stesheni ya Moshi.

Kutunza

Kiangazi vumbi letu ni jembamba kama unga. Ukimaliza funika meza kwa nailoni pana. Shuka inatoa nyuzi zinazojisokota kwenye ekseli. Kabla ya kila safari pitisha kitambaa chenye spiriti relini. Mara moja kwa mwezi pita njia nzima kwa ukucha, kiungo kwa kiungo, na kagua skrubu.

Na ukikutana na treni ya kujaza kwa ufunguo, ichukue hata kama ni daraja jingine, uitengee duara lake ukingoni. Mimi ninayo moja ya bati ya Hornby. Umeme ukikatika usiku, watoto wa jirani hawaondoki. Tunawasha mshumaa juu ya ghala la kahawa, mmoja anashika kichwa, mwingine anajaza springi bila kuibana mpaka mwisho, na treni inazunguka mara nne, tano, kabla ya kusimama yenyewe karibu na Kahe.